Herufi za Visanduku Vinne

  Ninyi mlio darasani pamoja na mwalimu, fungueni kijitabu mahali hapa, mfuate maneno kwa kidole ninaposoma. Ninyi mnaosikiliza nyumbani peke yenu, msiwe na haraka. Maneno yote ninayosema yamepigwa chapa humu, nanyi mnaweza kuyarudia mara nyingi mpendavyo.

Leo tunasoma habari za herufi. Kuziandika kwa kalamu mmekwisha kujua. Sasa tutazame jinsi kompyuta inavyoziandika na kuzihifadhi, na kwa nini kwa miaka mingi kompyuta nyingi zilikataa herufi za baadhi ya watu.

Chukueni mfano huu. Mama mmoja ana mtoto mgonjwa. Anapeleka ujumbe wa simu kwenye zahanati iliyomtibu mtoto. Anaandika, "Asante daktari," kisha anatia kile kipicha kidogo cha uso unaotabasamu, ambacho watu hukiita emoji. Halafu anaendelea, "lakini usiku homa imerudi, nifanye nini?" Ujumbe unafika. Asubuhi daktari anaufungua na kusoma maneno mawili tu: "Asante daktari." Anafurahi, anashika kazi nyingine. Homa haikuandikwa popote, wala swali halikuandikwa, wala hapana mtu aliyeambiwa kwamba maneno yamepotea.

Mama huyo nimemtunga mimi. Lakini upotevu wa namna hiyo ulitokea kweli, katika nchi nyingi, na asili yake ni uamuzi mdogo uliofanywa mwaka 2002. Ili tuuelewe uamuzi huo, lazima turudi nyuma kidogo.

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Ukitaka ihifadhi herufi A, lazima kwanza watu wapatane kwamba A ni namba fulani. Leo mapatano yanasema A kubwa ni 65, na a ndogo ni 97. Ukiandika neno, kompyuta inaweka namba. Ukitaka kulisoma, inazitazama zile namba na kukuchorea herufi. Kama aliyeandika na anayesoma hawana mapatano ya namna moja, hawataelewana kabisa.

Mapatano ya namna hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1844 Mmarekani Samuel Morse alipeleka habari kwa waya kutoka Washington mpaka Baltimore, na kila herufi ilikuwa ni mchanganyiko wa alama fupi na ndefu. Waya wa namna hiyo, uliolazwa chini ya bahari, ulifika Unguja mwaka 1879. Mwaka 1874 Mfaransa Émile Baudot alitengeneza mtambo uliopeleka kila herufi kwa alama tano, na kila alama ilikuwa ama ipo ama haipo. Fanyeni hesabu: mbili mara mbili, mara mbili, mara mbili, mara mbili. Mnapata 32. Basi alama tano hutoa herufi 32 tu, na hizo hazitoshi hata herufi kubwa na ndogo pamoja na tarakimu.

Mwaka 1963 Wamarekani walitoa mapatano yao kwa ajili ya mitambo, yanayoitwa ASCII. Walitumia alama saba, na alama saba hutoa 128. Humo walitia herufi za Kiingereza, tarakimu, nukta, mkato na alama nyingine chache. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson aliamuru kompyuta zote zinazonunuliwa na serikali yake zitumie mapatano hayo. Kiswahili tunachoandika kwa herufi za Kirumi kiliingia humo bila taabu, kwa kuwa hatuna herufi zenye vialama juu yake. Hiyo ilikuwa bahati yetu, maana hapana aliyekuwa akitufikiria. Lakini Mfaransa alikosa é yake. Mrusi alikosa herufi zake zote, na Mwarabu vivyo hivyo. Na wazee wa pwani yetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa mamia ya miaka, maandishi yao hayakuwa na mahali humo.

Sasa shikeni neno moja la kazi: baiti. Baiti ni kama kisanduku kidogo ndani ya kompyuta, chenye nafasi ya namba moja tu, kuanzia 0 mpaka 255. Katika somo hili nitasema kisanduku, ili tusichoke. ASCII ilijaza nusu ya kwanza ya namba hizo. Nusu ya pili ilikuwa wazi, na kila nchi ikaitumia ipendavyo. Namba 233 katika kompyuta ya Mfaransa ilikuwa é. Namba hiyo hiyo katika kompyuta nyingi za Urusi ilikuwa herufi nyingine kabisa, ile inayosomwa kama y. Basi barua ilitoka Paris ikiwa sawasawa, ikafika Moscow imejaa upuuzi. Wajapani walisumbuliwa sana na jambo hili hata wakalipa jina, mojibake, yaani herufi zilizogeuka.

Mwezi Agosti 1988 Joseph Becker, mtaalamu wa kampuni ya Xerox, aliandika shauri. Alikuwa akifanya kazi hiyo pamoja na Lee Collins na Mark Davis wa kampuni ya Apple. Shauri lenyewe lilikuwa jepesi kulisema: kila herufi ya kila lugha duniani ipewe namba yake moja, isiyogongana na nyingine. Wakaliita Unicode. Shirika la kuisimamia liliandikishwa California mwezi Januari 1991, na toleo la kwanza lilitoka mwaka huo huo.

Becker alidhani kwamba visanduku viwili vitatosha kwa kila herufi. Visanduku viwili hutoa 256 mara 256, yaani 65,536. Dunia ikamshinda. Maandishi ya Kichina peke yake yana makumi ya maelfu ya alama. Mwaka 1996 Unicode ilipanuliwa ikawa na nafasi 1,114,112. Nafasi zile mpya, za juu ya 65,535, zilikaa tupu mpaka mwaka 2001, ndipo zikatiwa alama za Kichina zaidi ya 42,000. Nyingi zilikuwa za vitabu vya kale, lakini nyingine zilikuwa za majina ya watu walio hai na ya vijiji vyao. Likumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Ilibaki kazi ya kupanga namba hizo kubwa ndani ya visanduku bila kupoteza nafasi. Ken Thompson na Rob Pike waliimaliza jioni moja ya Septemba 1992, katika hoteli ndogo ya chakula huko New Jersey, Marekani. Thompson aliuandika mpango juu ya karatasi ya kutandikia meza. Mpango huo unaitwa UTF-8, na sehemu kubwa sana ya maandishi ya intaneti leo hufuata huo. Sharti lake ni kwamba herufi yenye namba ndogo itumie visanduku vichache, na yenye namba kubwa itumie vingi. Zile 128 za zamani za ASCII hutumia kisanduku kimoja kimoja. Herufi za Kiarabu, kama zile za wazee wetu, hutumia viwili. Herufi nyingi za Kichina na za Kihindi hutumia vitatu. Namba zote zilizo juu ya 65,535 hutumia vinne.

Hata sisi tunaguswa. Katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo tunatia kialama kati ya g na o, au kati ya g na a. Kialama kilichonyooka, cha mashine ya taipu, hutumia kisanduku kimoja. Kialama kilichopinda vizuri, kama kile cha vitabu, hutumia vitatu.

Sasa tufike mwaka 2002. Tovuti, programu za simu, orodha za wagonjwa, orodha za wanafunzi, vyote huhitaji mahali pa kuweka kumbukumbu. Mahali hapo huitwa kanzidata. Kanzi ni neno la zamani lenye maana ya hazina, nami nalipenda neno hilo. Moja ya programu za kanzidata zilizoenea sana duniani ni MySQL. Ilianza Sweden mwaka 1995, na mtu aliweza kuitumia bila kulipa, kwa hiyo ilipendwa na wakubwa na wadogo.

Mwezi Machi 2002 watengenezaji wa MySQL walianza kuifundisha UTF-8. Mwanzoni waliruhusu herufi moja kutumia hata visanduku sita, kama sheria za UTF-8 za wakati ule zilivyoruhusu. Mwezi Septemba mwaka ule ule wakabadili mstari mmoja wa maagizo, wakasema: visivyozidi vitatu. Toleo lenye badiliko hilo lilikamilika mwaka 2004 na kuenea kila mahali.

Kufikiri kwa kubana si jambo la ajabu. Katika safu za urefu usiobadilika, MySQL hutenga mapema nafasi ya herufi kubwa kuliko zote. Safu ya herufi kumi hutengewa visanduku thelathini ikiwa kikomo ni vitatu, na sitini ikiwa kikomo ni sita. Tena wakati ule zile namba za juu zilikuwa na mwaka mmoja tu tangu zianze kutumiwa. Mimi nisingewalaumu sana kwa kubana. Lawama yangu ni kwa jina. Walikiita kitu hicho utf8, jina la mpango kamili, hali sehemu nzima ya mpango haikuwamo. Mwenye kujenga tovuti alichagua utf8, akaamini kwamba kanzidata yake inapokea herufi zote za dunia, akalala usingizi.

Je, herufi ya visanduku vinne ilipofika, nini kilitokea? Ilitegemea jinsi kanzidata ilivyopangwa. Ikipangwa kwa ukali, ilikataa ujumbe wote na kutoa malalamiko. Ikipangwa kwa ulegevu, na mpaka mwaka 2015 ulegevu ndio uliokuwa kawaida ya MySQL, iliandika maneno mpaka pale herufi ilipotokea, ikakata, na yaliyobaki ikayatupa. Hivyo ndivyo homa ya mtoto ilivyopotea katika mfano wetu. Mara nyingine ilitia alama ya kuuliza mahali pa herufi iliyoshindwa kuiweka. Kukataa kwa sauti ni afadhali kuliko kukata kimya kimya, maana aliyekataliwa anajua, naye atajaribu tena.

Kwa miaka kadhaa waliopata hasara hiyo hawakuwa wengi, na hawakusikilizwa sana. Walikuwa Wachina na Wajapani wenye majina ya alama adimu, pamoja na wataalamu wa maandishi ya kale. MySQL ilileta dawa mwezi Machi 2010. Kwa kuwa jina utf8 lilikwisha kutumika, walitunga jingine, utf8mb4, na ile nne ya mwisho ndiyo hesabu ya visanduku. Dawa ikawekwa rafuni, na wenye tovuti wengi hawakuinunua.

Kilichowaamsha ni vipicha vya mchezo. Huko Japani kampuni za simu zilianza kutia vipicha vidogo katika ujumbe katika miaka ya 1990. Vilivyopata sifa zaidi ni 176 vilivyochorwa na Shigetaka Kurita kwa ajili ya kampuni ya NTT DoCoMo mwaka 1999, kila kimoja kikiwa na vidoa kumi na viwili kwa upana na kumi na viwili kwa urefu. Kila kampuni ilikuwa na namba zake, kwa hiyo moyo uliotumwa kutoka simu moja ungeweza kupotea ukifika simu ya kampuni nyingine. Mwezi Oktoba 2010 Unicode iliviingiza vipicha hivyo katika orodha yake kwa mamia. Nafasi za chini zilikuwa zimekwisha kubanana, basi vingi vikapewa namba za juu. Uso unaocheka mpaka machozi ni namba 128,514, nao hukaa katika visanduku vinne vyenye namba 240, 159, 152 na 130.

Mwaka uliofuata, 2011, simu za Apple zilianza kuuzwa duniani kote zikiwa na kibao cha emoji ndani yake. Kitu kilichokuwa adimu sasa kikawa katika vidole vya vijana wa kila mji. Wakaandika, wakacheka, na ujumbe ukakatika. Hapo ndipo wenye tovuti walipoanza kuuliza: utf8 yetu ina kasoro gani?

Kutengeneza si kazi ngumu, lakini haitaki uvivu. Kwanza hufanywa nakala ya akiba, kwa sababu kanzidata ikiharibika katikati ya kazi hapana pa kurudi. Kisha kila jedwali hugeuzwa kutoka utf8 kuwa utf8mb4. Wengi waliishia hapo, wakashangaa kuona shida ingalipo. Walisahau njia. Programu ikizungumza na kanzidata kwa mapatano ya visanduku vitatu, herufi ya vinne huharibika kabla ya kufika, hata kama jedwali limekwisha kupanuliwa. Ni lazima njia nayo iambiwe utf8mb4.

Halafu kuna faharasa. Kanzidata huwa na faharasa kama kitabu, ili itafute jina upesi bila kupekua kurasa zote. Faharasa za MySQL za wakati huo zilikuwa na kikomo cha visanduku 767 kwa safu moja. Watu walizoea kuweka safu za herufi 255. Zidisheni 255 kwa 3: ni 765, inaenea. Zidisheni 255 kwa 4: ni 1,020, haienei. Gawanyeni 767 kwa 4, mtaona kwamba herufi zinazoenea ni 191 tu. Kwa ajili hiyo mkiona safu yenye kikomo cha 191 katika kanzidata ya miaka hiyo, msidhani mtu aliiokota namba hiyo njiani. Programu ya WordPress, inayoendesha tovuti nyingi mno, ilifanya geuzo hili mwezi Aprili 2015, nayo ilifupisha faharasa zake kuwa 191.

Tena kulitokea kichekesho. Katika mipango ya zamani ya kulinganisha maneno, utf8mb4 ilihesabu emoji zote za namba za juu kuwa kitu kimoja. Wajapani waligundua kwamba ukitafuta picha ya sushi, kile chakula chao cha wali na samaki, unaletewa na picha ya bia. Ilibidi watu wachague mpango mpya wa kulinganisha ili samaki awe samaki. Mwezi Aprili 2018 toleo la 8.0 la MySQL lilitoka, na tangu hapo utf8mb4 ndiyo kawaida kwa kila kanzidata mpya, mwenyewe asipochagua nyingine. Kanzidata za zamani hazikujigeuza zenyewe. Na yale maneno yaliyokatwa zamani hayakurudi, kwa sababu hayakuwahi kuandikwa popote.

Nimewaambia mkumbuke habari za majina. Sasa twende Guinea, Afrika ya Magharibi. Mwaka 1989, katika mji wa Nzérékoré, walikuwako ndugu wawili, Ibrahima Barry wa miaka 14 na Abdoulaye Barry wa miaka 10. Ni Wafulani. Baba yao alijua kusoma herufi za Kiarabu, na watu walimletea barua zao za Kifulani awasomee. Lakini herufi hizo hazikutosha sauti zote za Kifulani, na mara nyingi msomaji alilazimika kubahatisha. Wale vijana wakaamua kutengeneza herufi za lugha yao. Wakajifungia chumbani, wakafumba macho, wakachora mistari na maumbo, kisha wakachagua yaliyowapendeza na kuipa kila sauti umbo lake. Wakafundisha jamaa na jirani, wakanakili vitabu kwa mkono.

Herufi hizo huitwa Adlam, kwa majina ya zile nne za mwanzo. Herufi hizo nne pia zinaanzisha maneno ya sentensi moja ya Kifulani, na maana yake ni alfabeti itakayowazuia watu wasipotee. Mwezi Juni 2016 Unicode ilizipokea. Je, zilipewa namba gani? Zinaanza 125,184. Ziko juu, pamoja na vile vipicha vya mchezo, na kila moja inataka visanduku vinne.

Basi mrudisheni yule mama wa zahanati, lakini safari hii awe Mfulani, aandike jina lake kwa Adlam. Katika kanzidata ya utf8 iliyolegea, neno hukatwa pale penye herufi ya visanduku vinne. Katika jina lake herufi ya kwanza ni ya vinne. Kinachobaki ni nafasi tupu. Katika kanzidata nyingine zingebaki alama za kuuliza, moja kwa kila herufi. Katika utf8mb4 jina lake linakaa zima, tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Waliogeuza kanzidata zao kwa sababu ya uso unaocheka, wengi wao hawakuwa wamesikia habari za Wafulani. Hata hivyo nafasi waliyoitengeneza ni ile ile.

Sasa chukueni daftari. Andikeni neno ng'ombe mara mbili, mara ya kwanza kwa kialama kilichonyooka, mara ya pili kwa kialama kilichopinda. Hesabuni visanduku vya kila moja. Kisha kila mtu ahesabu visanduku vya jina lake mwenyewe. Mwisho, hesabuni visanduku vya neno Asante likifuatwa na uso mmoja unaocheka, bila nafasi katikati. Majibu mpeni mwalimu wa darasa kabla ya kipindi kijacho. Kwaherini.